Sauti ya Kuazima

Kila jioni kazi za Kitinda zilifuatana vilevile. Aliosha vyombo, akafagia vipande vya nguo chini ya cherehani ya mama, kisha akaketi karibu na kitanda cha bibi na kumsomea zaburi. Bibi alifumba macho. Mwishoni aliitikia, "Amina," akageukia ukutani.

Kitinda, mtoto wa mwisho katika nyumba hiyo, alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amechoka. Si vyombo vilivyomchosha. Ni koo.

Sauti yake ya kuzaliwa ilikuwa nzito. Muhula uliopita alipojibu swali darasani, mvulana wa dawati la nyuma alisema, "Shikamoo, baba mkwe." Darasa likaangua kicheko, na jina likanata kama gundi. Tangu hapo Kitinda alibana koo na kuzungumza kwa sauti nyembamba: darasani, dukani, hata nyumbani, asije akajisahau. Katika kwaya ya watoto kanisani alihamia sauti ya kwanza, wanakosimama wasichana wenzake wenye sauti za juu. Akitoka mazoezini, kumeza mate tu kulikuwa kazi.

"Una mafua?" mama alimwuliza.

"Hapana, mama. Niko sawa."

"Unalia kama kifaranga, halafu uko sawa." Mama alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, na mgongo ulikuwa unamuuma.

Alhamisi bibi alimgeukia mama.

"Mwanangu, Jumamosi nipeleke kwa dada yako."

Mama alisimamisha cherehani. "Tumekukosea nini, mama?"

"Hakuna kosa. Lakini humu ndani cherehani inaongea kuliko watu. Zamani mjukuu wangu alikuwa ananisomea. Siku hizi anakuja, anachezesha midomo, anaondoka. Mimi si picha ya ukutani."

"Lakini bibi, nakusomea kila siku," Kitinda alisema kwa ile sauti nyembamba.

Bibi alimtazama mama. "Unaona? Midomo hiyo."

"Masikio yake yamechoka," mama alimnong'oneza Kitinda. Usiku huo Kitinda hakulala vizuri. Bibi ndiye aliyemlea wakati mama akishonea watu, na hakuweza kuiwazia nyumba hiyo bila yeye.

Ijumaa, mazoezini, sauti ilimkatika katikati ya wimbo. Mwalimu wa kwaya akamwambia akae pembeni. Aliporudi nyumbani alimkuta bibi anakunja kanga zake na kuzitia kwenye mfuko. Hakuwa na nguvu tena ya kubana koo.

"Bibi, usiende," alisema. Ilitoka nzito, kama ilivyoumbwa.

Mikono ya bibi ilisimama. "Kumbe upo. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Kitinda alilia, akaeleza yote: dawati la nyuma, baba mkwe, kifaranga. Bibi alisikia kila neno.

"Sauti nyembamba zimeshanipotea, mjukuu wangu. Ndege siwasikii, wala kengele ya baiskeli. Nzito kama yako ndizo zilizobaki."

"Na zile Amina zako?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Nilichoka kuuliza umesema nini, umesema nini. Nikawa naitikia tu."

"Basi sote tulikuwa tunaigiza saa ya sala," mama alisema. "Mmoja anajifanya anasoma kwa sauti yake, mwingine anajifanya anasikia, na mimi najifanya sina habari." Alichukua mfuko, akazirudisha kanga kabatini. Bibi hakumzuia.

Jumamosi Kitinda alimwomba mwalimu wa kwaya amrudishe sauti ya pili, ile ya chini. Wanakwaya wawili wakacheka, mmoja akakohoa kama mzee. Masikio yalimwaka moto, lakini aliimba mpaka mwisho, na koo halikuuma.

"Bado wananicheka," alimwambia mama jioni.

"Watacheka, kisha watachoka. Nisikilize, maana sirudii, nina vifungo vya kushona. Mungu hakuwa anasinzia siku aliyokupa sauti hiyo. Ulipoificha, hukumkomesha anayekucheka, ulimnyima anayekuhitaji. Kusema kweli si maneno peke yake. Anayeyasema naye awe ni yeye mwenyewe, mbele ya watu na mbele za Mungu. Kujifanya mtu mwingine ni kibarua kisicho na mapumziko. Kiache."

"Ndiyo, mama."

"Haya, nenda kasome."

Kitinda aliketi karibu na kitanda, akafungua zaburi, akaanza kwa sauti yake nzito. Usingizi ulimlemea, macho yakateleza.

"Rudi nyuma," bibi alisema. "Umeruka mstari."