Kona Nne za Ramani

Jumatano, Agosti 12, 1987, saa mbili na robo asubuhi, mpaka wa machimbo ulikutwa umehama. Ramani mpya iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya ramani, Geita, iliwapa wachimbaji wa mwenyekiti Maganga mwamba wa dhahabu ambao jana yake ulikuwa wa majirani zao. Kufikia saa tatu, wachimbaji wawili walikuwa wameshapasuana vichwa kwa sululu.

Inspekta Alois alifika saa tano, mgongo ukimuuma kwa mashimo ya barabara ya Ushirombo. Miaka ishirini na sita ya upelelezi ilimchosha, na hakuona aibu kusema. Saa kumi gari lingempeleka mahabusu Salvina, msichana wa ofisi hiyo aliyeshukiwa tangu saa tatu, kwa kuwa ndiye aliyeandika programu ya kompyuta ya kuchorea ramani. Alois aliijua mahabusu: msichana akiingia na jina zuri, hatoki nalo.

"Shikamoo, afande." Macho ya Salvina yalikuwa mekundu.

"Marahaba, binti. Nielezee mashine yako kama unamwelezea mkulima wa pamba."

"Mstari wa mpaka ni nukta kumi na sita zinazojirudia. Moja inawaka, sifuri inazima. Nane zikiwaka ni kistari kirefu, halafu vitone viwili vyenye mapengo. Naingiza kona zote kwa mkupuo. Mashine inahesabu mpaka mwisho, hata kona ikiangukia kwenye pengo."

"Nani mwingine anaweza kuichoresha?"

"Yeyote aliyenitazama nikifanya. Diski huwa mezani."

Maganga, mwenyekiti wa wachimbaji, aliingia na vumbi lake. "Mwangaluka, afande," alisalimia kwa Kisukuma. "Mimi ningeiba mawe, si mstari. Hiyo mashine hata pa kuishika sipajui!"

Dirishani alikaa Mzee Otmar, aliyechora ramani kwa mkono miaka thelathini, akichonga penseli isiyo na kazi.

"Mzee, jana uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Binti alitangulia."

Alois akaziweka ramani mbili chini ya lenzi. Katika ile ya zamani, aliyoichora Salvina kwa mashine, kona mbili zilikuwa tupu. Katika mpya, kila kona ilianza na kistari kirefu. Basi aliyeichora hakuingiza kona zote kwa mkupuo; aliingiza upande mmoja mmoja, na mashine ikaanza hesabu upya kila kona.

Saa tisa na nusu aliwapa wote watatu karatasi. "Nichoreeni shamba la pande nne, lenye mstari wa mpaka."

Salvina alizunguka bila kuinua penseli ila kwenye mapengo. Maganga alichora kitu kama kiazi. Otmar alifika kwenye kona, akainua mkono, akatulia, akaanza upya na kistari kirefu. Kona zote nne.

"Mbona unaanza upya, mzee?"

"Kona ni jiwe la mpaka, haiachwi tupu. Ndivyo tulivyofun..." Penseli ikamtoka mkononi.

"Septemba wananistaafisha," alisema, akiionyesha kompyuta kwa kidole. "Kwa sababu ya hilo sanduku. Nilitaka lionekane linadanganya. Sikujua watamkamata yeye."

"Tangu saa tatu unajua," Alois alisema kwa uchovu. "Umekaa hapo unamtazama analia."



"Mzee," Salvina alisema, "Jumatatu nilimwandikia bosi barua. Niliomba ubaki, unisahihishie kona."

Mzee akajifunika uso kwa viganja. Alois alimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja, kisha akatoka kumwambia dereva kwamba abiria amebadilika.