Ufa Uliozibwa Mapema

Fundi cherehani wetu hawezi kuona kitu kimechanika akakiacha. Ndivyo alivyo. Ukuta wa chumba chake cha kushonea ulipopata ufa, aliuziba kwa saruji, akapaka rangi, akarudi kushona. Baada ya mwezi ufa ukatokea tena, mpana zaidi. Akauziba tena.

Mara ya tatu aliuziba vilevile, lakini sasa hata sakafu iliinuka. Mzizi wa mti wa jirani ulikuwa umepita chini ya ukuta. Fundi alishikwa na hofu. Chumba kile kikianguka, kazi yake imekwisha.

"Naumwagia dizeli huo mti," alisema mumewe. "Ukauke, tuheshimiane."

"Ngoja kwanza, baba watoto. Tumuulize msaidizi wa sheria."

Msaidizi wa sheria ni mama wa mtaa wa pili, mwenye miwani na maneno machache. Alikuja siku hiyo hiyo.

"Ufa wenyewe uko wapi?" aliuliza.

"Nimeuziba," fundi alijibu kwa fahari. "Huoni hata alama."

"Hilo ndilo tatizo, mwanangu. Hata hakimu hataiona. Umeziba ushahidi wako mwenyewe."

Mume akacheka, akaitaja dizeli yake. Haikuchukua muda, zamu yake ikafika.

"Na wewe bwana, ukiua mti wa mtu, mshtakiwa ni wewe."

Mume akasogeza kiti karibu asikilize.

"Sasa sikilizeni," mama aliendelea. "Ufa ukitokea, msizibe. Pigeni picha, pimeni upana, andikeni tarehe. Mwiteni mwashi athibitishe kama ni mzizi kweli. Kisha mwandikieni jirani barua ya heshima, mbaki na nakala. Mzungumze naye mbele ya shahidi. Mkishindwana, ndipo mwende mahakamani."

Ufa ulipotokea tena, kila Jumatatu fundi aliupima kwa futi yake ya kupimia nguo. Mikono ilimwasha kuuziba, lakini alijizuia. Mwashi alichimba kando ya ukuta, akasema ni mzizi, hakuna kingine. Barua ikapelekwa.

Jirani ni mzee mstaafu, tunamwita Mzee Kimya. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu alibisha hodi, barua mkononi.

"Njooni kwangu," alisema. "Na huyo mama wa sheria aje."

Ndani kwake aliinua mkeka. Sakafu ilikuwa imepasuka kutoka mlangoni hadi kitandani.

"Nilijua tangu mwaka jana," alisema. "Mti nimeupanda mwenyewe. Niliona aibu kusema."

Hasira yote ilimwisha fundi. "Pole, mzee wangu. Kumbe tunaumia wote."

Waliandikiana makubaliano, mama wa sheria akatia sahihi kama shahidi. Mzee alimleta mtaalamu wa miti, mizizi ya upande wa nyumba zote mbili ikakatwa bila kuua mti. Alinunua saruji ya ukuta wa fundi. Mume wa fundi akamtengenezea mzee sakafu, bila hata kuombwa.

Leo chumba kimesimama imara na cherehani inalia kutwa. Fundi anasema hajawahi kufurahi hivi kwa kukosa kesi.