Kwa Nini Jaifar Alifukuzwa Kazi

"Umefukuzwa kazi, na mie nnayasikia kwa kaka yangu?"

Khole alikuwa amejifungia chumbani, simu sikioni. Upande wa pili alikuwa Jaifar, mchumba wake.

"Jibu basi! Kaka Taimur katoka ofisini kwenu Darsait sasa hivi. Alikwenda kukuulizia, kama kila mchumba anavyouliziwa. Meneja kamwambia wewe si mwaminifu."

"Ni kweli nilifukuzwa."

"Kwa sababu gani?"

"Nisamehe, Khole. Sitaki kumsema mtu, ni ghiba. Nimemwachia Mungu."

"Umemwachia Mungu, na mie umeniachia nani? Baba anawapigia wazee wako baada ya Alasiri. Anawaambia posa haikubaliwi!"

Ilikuwa mwaka 2003. Kampuni ile ilifuga samaki ndani ya vizimba vya nyavu baharini, nje kidogo ya Maskati, na Jaifar alikuwa mpiga mbizi wao. Walimpeleka Ulaya ya kaskazini miezi sita, akajifunze kwenye mashamba ya samaki wa huko, samoni. Tangu arudi alikuwa hali samaki wa kufugwa. Khole alidhani ni madeko tu.

"Nisikilize," Khole alisema, sauti imeshuka. "Bi Muhsina anayetusomesha darsa la jioni katueleza juzi. Aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kueleza alivyodhulumiwa. Na habari za mchumba hazifichwi. Hiyo si ghiba, Jaifar."

"Una hakika?"

"Nimeandika kwenye daftari. Njoo umwambie baba mwenyewe."

Adhana ya Alasiri ilipita. Baada ya sala Jaifar alikuwa kakaa majlisi, chumba cha wageni, kwao Khole, Al Amerat, mbele ya baba yake, Mzee Hamdan. Khole na mama yake, Bi Sayyida, walisimama nyuma ya pazia.

"Haya, sema," alisema mzee.

"Ami, nilizama chini ya vizimba. Uchafu wa samaki na chakula kinachobaki umerundikana, matope meusi yananuka yai bovu. Kaa hakuna, pweza hakuna. Meneja akataka nisaini kwamba chini ni pasafi. Nikakataa, akanifukuza."

"Kwani huko Ulaya kukoje?"

"Huko ndiko nilikoingiwa na hofu. Nimewaona samoni wamebanana, chawa wa baharini wamewala mpaka nyama inaonekana. Wanatiwa dawa, na dawa inakwenda baharini. Kila asubuhi kazi yangu kuopoa waliokufa. Na chakula chao ni dagaa, Ami. Dagaa ambao maskini wangekula, wanasagwa ili tajiri ale samoni."

"Maneno mazuri. Shahidi wako nani?"

"Awadh. Tulizama pamoja."

"Nipe nambari yake."

Mzee akapiga papo hapo. Nyuma ya pazia Khole alikuwa anasoma Ayatul Kursiyyu. Akakosea katikati, akaanza upya.

"Awadh? Mie baba wa binti anayeposwa na Jaifar. Nnakuuliza, na Mungu anasikia. Huko chini mliona nini?"

Akasikiliza muda mrefu. Akaiweka simu taratibu.

"Kasema nini, baba Khole?" Bi Sayyida alishindwa kuvumilia.

"Analia. Karatasi aliyoikataa Jaifar, kaisaini yeye."

Kisha mzee akamgeukia Jaifar.

"Wiki tatu tangu ufukuzwe, na umenyamaza! Ulitaka nimnyime mwanangu mtu mkweli?"

"Niliogopa dhambi, Ami. Na sasa kazi sina."

"Kazi inatafutwa. Mie namwoza mwanangu kwa mtu, simwozi kwa kampuni. Ijumaa njoo na wazee wako, tupange siku ya akdi ya ndoa."

Kigelegele cha Bi Sayyida kilimfanya Jaifar aruke kitini. Taimur akachungulia mlangoni, kainamisha kichwa.

"Shemegi, nisamehe. Nilimuuliza asiyefaa kuulizwa."

"Uliuliza kwa kumpenda dada yako. Yameisha."

Jaifar alikuwa anavaa viatu vyake nje, simu ikalia. Ujumbe wa Khole:

"Nimeinuka kwenye sijida ya shukrani, macho yamevimba. Siku nyingine ukiulizwa habari zako, sema!"

Akaandika:

"Nitasema. Habari zangu ni njema, alhamdulillahi. Naoa."