Ovaroli ya Fundi

"Kipanga, mbegu imepandwa?"

"Imepandwa, Mkuu."

Kipanga alikuwa juu ya paa la benki, redio sikioni, darubini ya Nikon mkononi. Juma zima alijifanya kibarua wa kiwanda cha nguo, akila na wagomaji na kuimba nao. Asubuhi ile alipenyeza kifaa cha kutoa mawimbi kwenye kola ya ovaroli ya Fundi, kiongozi wa mgomo.

Kazi safi. Jasusi wetu alijiona kidume kweli.

Ila hakujua jambo ambalo hata mfagizi wa kiwanda kile alilijua. Siku ya maandamano wafanyakazi huvua ovaroli zao na kuwavalisha wanafunzi, ili polisi wasijue nani ni nani.

Barabara ilifurika. Wanafunzi na wafanyakazi, bega kwa bega, walidai wenzao walio mahabusu waachiwe. Mabomu ya machozi yakaanza. Kwenye skrini ya kufuatilia kifaa kile, nukta nyekundu ilisogea kuelekea kituo cha mafuta.

Akainua darubini.

Ovaroli ilikuwa ya Fundi, mikono imekunjwa. Lakini aliyeivaa alikuwa mdogo wake Kipanga mwenyewe, kitindamimba wa mama yao, mwanafunzi wa uuguzi.

Akabonyeza redio.

"Mkuu, sitisha! Huyo siye!"

"Kifaa kinasema ndiye."

"Ni msichana tu!"

"Unamjua?"

Akisema ndiyo, nyumba yao itapekuliwa na mama atabebwa. Alijua vizuri. Nyumba za watu wengine alizipekua mwenyewe.

"Kipanga! Unamjua?"

"Simjui."

Gari jeupe lisilo na namba lilifunga breki. Watu wa Mkuu wakaruka nje, wakamtupa msichana ndani. Mzee mmoja mwenye fulana alilikimbilia huku akipiga kifua. Alikuwa Fundi.

"Mimi ndiye mnayemtaka! Mwacheni mtoto wa watu!"

Kirungu kikamlaza chini. Gari likaondoka.

"Kazi nzuri, Kipanga. Kapumzike."

Simu yake ya mfukoni ikatetemeka.

"Mwanangu, mdogo wako hapokei simu. Wewe ndiye mwenye watu serikalini. Hebu niulizie, baba."

"Usijali, mama. Nitaulizia."

Hakuwa na wa kumuuliza. Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akashuka ngazi taratibu na kumpita mlinzi wa benki bila kugeuka.