Vikapu Havipungi Mkono

Basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Candida alilikimbilia, mkono mmoja juu, mwingine umeshika tumbo la miezi saba.

"Wewe! Simama!"

Wapi! Vumbi la Msimbazi likamfunika. Pale kwenye nguzo ya kituo vilibaki vikapu sita vimejipanga foleni. Ndiyo ilikuwa desturi ya abiria wa pale. Kikapu kinakushikia nafasi, wewe unakwenda kukaa kwenye baraza ya duka ng'ambo ya barabara, kwa sababu kituoni jua lilichoma kama pasi.

Candida alikuwa akifagia ofisi moja huko Posta. Msimamizi alikwisha kumwambia: ukichelewa mara moja tena, usirudi. Siku hiyo alikwenda kwa miguu, mbiombio. Aliponea chupuchupu.

Jioni alimwambia mumewe, Pantaleo, fundi seremala, "Dereva yule ana roho mbaya."

Jirani yao Kitwana, aliyewahi kuwa kondakta, alicheka. "Shemeji, dereva anatafuta watu. Vikapu havipungi mkono."

"Basi nisimame juani na tumbo hili?"

"La. Kivuli kiwe pale pale kituoni."

Pantaleo akaomba ruhusa kwa jumbe wa mtaa. Jumamosi akajenga kibanda cha makuti chenye benchi. Kwa kumhurumia mkewe, akaziba pande tatu, jua lisipenye hata kidogo.

"Fundi, bado kitanda tu!" alisema Mwanamkuu, muuza vitumbua.

Jumapili Candida alikaa humo, akingoja basi la kwenda kanisani. Akasikia mngurumo. Kabla hajainuka vizuri, basi likapita. Akarudi nyumbani analia. "Na kesho ndiyo kazi!"

Kitwana akaja na panga. Akakata makuti ya upande ule basi linakotokea.

"Bwana wee, kazi yangu ya kutwa nzima!" Pantaleo alipiga kelele.

"Umejenga chumba, fundi. Anayengoja lazima alione basi tangu mbali, na dereva amwone yeye. Paa linatosha, na ukuta wa nyuma tu. Shemeji, hebu kaa. Unaona? Miguu inaning'inia. Kwa mjamzito hiyo ni taabu. Fundi, punguza miguu ya benchi."

"Na hili dimbwi?" aliuliza Candida, akionyesha maji ya bomba yaliyotuama mbele ya kibanda.

"Hilo nalo. Dereva akiliona, anasimama mbali, nanyi mnakanyaga matope. Tulifukie kwa changarawe."

Walifanya kazi mpaka jua likatua, Pantaleo kanuna.

Jumatatu Candida alikaa kivulini, miguu chini, kikapu mapajani. Basi likatokeza. Akasimama, akapunga mkono. Likasimama mbele yake. Alifika Posta mlango wa ofisi haujafunguliwa.

Candida alifagia ofisi ile mpaka wiki ya kujifungua. Akazaa msichana, wakamwita Severa. Pantaleo aliitwa Magomeni kujenga vibanda viwili, vyote na ukuta wa nyuma tu. Mwanamkuu alihamishia vitumbua vyake karibu na kituo. Kitwana alikwenda Kilwa kwa dada yake, akabaki huko.