Nyumba ya Msagaji

Asubuhi hiyo kitabu cha kumbukumbu za kijiji kilikutwa kimelowa. Ofisi ilikuwa imefungwa, paa halivuji, na meza ilikuwa kavu kabisa. Kitabu peke yake ndicho kilichochuruzika maji, kikinuka tope na magamba ya samaki.

Mwalimu Drahomíra Pechová, mwandishi wa kitabu hicho, alimshuku mumewe. Vendelín ndiye aliyetunza bwawa la Podhrázek, na katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi hata siku moja kufuta viatu mlangoni.

"Mimi na vitabu wapi na wapi?" Vendelín alisema, akipuliza supu yake ya vitunguu saumu. "Kwani safari hii umeandika nini?"

"Ukweli. Nyumba ni ishirini na mbili, nimezihesabu kwa miguu yangu. Walionitangulia wote wameandika ishirini na tatu. Wamenakiliana kama watoto kwenye mtihani."

Bibi Apolena, jirani aliyekuwa ameleta mayai, aliweka kikapu chini polepole. Zamani, bwawa lilipochimbwa, maji yalifunika nyumba ya msagaji wa nafaka, na mwenyewe alikataa kutoka, akabaki humo majini. Tangu hapo kila mwandishi alimhesabu. Kijiji kizima kimekaa chini ya tuta la bwawa, na watu wa chini ya tuta hawapendi ubishi na maji.

"Umemfukuza mtu kwake, Mwalimu," Apolena alinong'ona. "Sasa atatafuta kwingine pa kukaa. Utamjua kwa pindo la kushoto la koti lake, halikauki. Na anaowazamisha, pumzi zao huzifunika chini ya vikombe. Nenda karekebishe leo."

"Kitabu hakifutwifutwi, bibi. Jumatatu kuna kikao cha baraza. Nitaomba idhini."

"Haya. Labda naye atasubiri kikao."

Vendelín alicheka, ila supu hakuimaliza.

Jumamosi mchana tuta lilianza kutoa jasho. Vendelín alichukua sepetu, akaenda kulitazama. Saa moja ikapita, kisha ya pili, na Drahomíra, aliyekuwa akijiambia kwamba ni mumewe tu na uzembe wake, akasikia nyuma ya ukuta wa jikoni kitu kikidondoka, tone baada ya tone, mahali pasipopita bomba lolote, na harufu ya tope ikapanda kutoka sakafuni, ikamfuata mlangoni, ikamfuata barabarani, hadi akajikuta ofisini bila koti, akikata neno ambalo hajawahi kulikata maishani na kuandika juu yake: ishirini na tatu.

Ukurasa ulikauka chini ya mkono wake.

Aliporudi, tuta lilikuwa limeacha kutoa jasho. Akaketi jikoni, akacheka peke yake, akaipasha moto supu.

Saa kumi Vendelín alirejea. Alisimama mlangoni akafuta viatu, cha kulia, kisha cha kushoto, taratibu, kwa adabu.

"Umechelewa," Drahomíra alisema.

"Nilikuwa nafunga nyumba," alijibu.

Akatoa kikombe mfukoni, akakiweka rafuni mdomo chini, kisha akatundika koti. Pindo la kushoto lilidondosha tone moja. Halafu lingine.

Mwenye koti alipopita chumbani, kitu kiligonga ndani ya kile kikombe, kidogo sana, kama kucha.

"Draha," ilisema sauti ya mumewe kutoka chini yake. "Ni nani huyo anayefuta viatu?"