Nyuma ya Lipu

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, fundi wa lipu, na akiyasimulia hutazama chini.

Alikuwa akijijengea nyumba ubavuni mwa kilima, akisaidiwa na kaka zake na shemeji yake. Mama yao mzazi hakuitwa, lakini kila siku alijikongoja na ndoo ya maji ya kukorogea saruji, akaitua, akakohoa ili wamwone. Siku moja rafiki yangu akaimwaga ndoo mbele ya wote.

"Mama, unatuzibia njia. Kaa kwako usubiri siku yako."

Wakacheka.

Mama alifariki wiki ileile. Walimzika Jumamosi, Jumatatu wakarudi kazini.

Adhuhuri hiyo rafiki yangu alikuwa chumba cha nyuma, akigonga lipu kwa mpini wa mwiko asikie palipo na uwazi. Madirisha yalizibwa kwa mabati, giza tupu. Akagonga mara mbili. Upande wa pili pakagongwa mara mbili.

"Shemeji, acha utani."

"Utani gani? Mimi niko juu ya paa."

Ndipo akakumbuka kwamba nyuma ya ukuta ule hapana chumba, ni udongo wa kilima. Akaweka sikio. Ndani ya udongo ndoo ikatuliwa, maji yakacheza, kisha mtu akakohoa.